Ndimi Nane za Kasha la Mjerumani

Ufunguo ulianza kugoma Idi ya mwaka juzi, nami nikanyamaza. Nilikuwa peke yangu chumbani, mlango nimeurudisha, chupa ya mafuta ya nazi iko miguuni pangu kama kila Idi. Nikajaribu kwa mkono mmoja, nikajaribu kwa miwili. Ufunguo uliingia vizuri, ukafika mahali pake, ukakataa kuzunguka. Nikalifunika kasha kwa kitambaa chake, nikatoka nje kula pilau na wenzangu, na aliyeniuliza mbona natoka jasho nilimwambia ni joto la jikoni. Idi iliyofuata ikawa vilevile. Nikajiambia bado nina muda. Halafu mjukuu wangu akaposwa.

Kasha lenyewe ni la chuma kitupu, refu kama mtoto wa miaka mitatu akilala, na zito kiasi kwamba wanaume wanne wakilibeba hulitua njiani mara mbili. Nje limepakwa rangi ya kijani iliyokoza, na juu ya kijani kuna maua mekundu ambayo hayaoti huku kwetu, yamefumba kama kikombe. Mikanda ya chuma inalizunguka kwa marefu na mapana kama kamba za kitanda. Mbele, katikati, kuna bamba kubwa la nakshi, na katikati ya bamba lile tundu la ufunguo. Tundu hilo ni la uongo. Ukitia ufunguo pale utazungusha mpaka uchoke. Tundu la kweli liko mahali pengine, na mahali penyewe sipaandiki.

Urembo wake mkubwa hauko nje. Ukikiinua kifuniko, upande wake wote wa ndani ni kufuli. Ndiyo, wote. Kuna ndimi nane za chuma, tatu mbele, tatu nyuma, na moja kila ubavu, na ufunguo mmoja unaziendesha zote kwa pamoja. Juu ya mitambo hiyo limewekwa bamba la chuma cheupe lililotobolewa kama lesi. Majani yanasokotana mpaka pembeni, na katikati ya majani nguva wawili wanatazamana, nywele zimewashuka mpaka mikiani. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mtu na dada yake wamegombania kitu. Mpaka leo nikiwatazama naona hawajapatana.

Bibi yangu mzaa mama, alipokuwa msichana, alikuwa akimfulia na kumpigia pasi mke wa Mjerumani mmoja hapa Bagamoyo. Hata wakati huo kasha lilikuwa kuukuu. Yule mama alisema lilikuwa la babu wa babu yake huko kwao. Vita vilipowafikia wakaondoka mbiombio, na kabla ya kuondoka akamwita bibi yangu chumbani. Akamwonyesha tundu la uongo, akamwonyesha la kweli, akamwekea ufunguo kiganjani, akamwambia, "Nitunzie, nitarudi." Hakurudi. Bibi alingoja miaka mingi, kisha akaanza kutia humo vitu vya wanawake wa nyumba yetu: vikuku vya fedha, ukaya wa kufunikia kichwa alioufuma mama yake, kanga mbili za zamani sana, na udi kwenye kijaluba.

Kwa hiyo kwetu, mwali akitolewa ndani, hufunguliwa kasha. Wanaume hubaki uani. Mwanamke mkubwa wa nyumba humwonyesha mwali lile tundu la kweli, ambalo hajaonyeshwa tangu azaliwe, na mwali mwenyewe ndiye huzungusha ufunguo. Ndimi nane zikirudi kwa pamoja kasha hutoa mlio mmoja mzito, na vigelegele huanzia hapo. Mwali akizungusha asiweze, hutaniwa mpaka alie.

Wameuzungusha ufunguo ule wanawali kumi na mmoja. Majina yao yote ninayo, na majina ya waume zao, na ya makungwi waliowafunda, na ya yule aliyezungusha mara nne akazimia. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Humu sitaliandika hata moja, maana wengine wako hai na wana wakwe.

Basi. Zilipobaki siku sita Jumamosi ya harusi ifike, mwanangu wa kiume, baba yake bibi harusi, alikuja kutoka Dar. Akakaa, akanywa chai, akasema, "Mama, nipe vile vikuku nivipeleke kwa sonara avisugue."

Nikamwambia, "Vikuku viko ndani ya kasha."

"Najua viko ndani ya kasha. Nitolee."

"Kasha halifunguki."

Akacheka akidhani ni utani. Alipoona sicheki, akaweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu Idi ya mwaka juzi."

"Mama! Mwaka juzi! Na ulikuwa unangoja nini?"

Nikamwongezea chai.

Mwanangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kumaliza mambo. Asubuhi ile ile akaleta fundi wa makufuli kutoka sokoni, kijana mwenye waya na bisibisi mfukoni. Nilimpa ufunguo, naye, kama watu wote, akaenda moja kwa moja kwenye tundu la mbele. Nami nikakaa kwenye kigoda nikamtazama. Alizungusha, akapuliza, akatia waya, akaweka sikio. Baada ya saa nzima akasema, "Bibi, kufuli hii imekufa. Humu ndani sisikii kitu."

Sikumwambia kwamba humo ndani hamna kitu cha kusikia. Hayo ni makosa yangu ya pili, nayakubali. Sikuweza. Siri ya tundu lile nilipewa na bibi yangu nikiwa nimefunikwa kanga gubigubi, na niliwapa wanangu wa kike vivyo hivyo, na leo nimpe kijana wa sokoni mwenye sigara sikioni? Hapana.

Mchana mwanangu akarudi na mtu mwingine, mnunuzi wa vitu vya kale. Alikuwa mpole, amevaa kanzu safi, alinipigia shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Alilizunguka kasha mara mbili bila kuligusa. Kisha akatoa simu akanionyesha picha: ukuta wa hoteli moja huko pwani, mweupe, na juu yake limetundikwa bamba kama lile la ndani ya kifuniko chetu, majani yale yale yanayosokotana, taa inalimulika kutoka chini.

"Mama mkubwa," akaniambia, "hiki kifuniko ndicho kazi ya sanaa. Kasha lenyewe ni bati tu. Fundi wangu atalikata hapa, chini ya shingo, kwa grenda. Hatagusa kitu chochote cha ndani. Nyie mnatoa vitu vyenu vya harusi, mimi nachukua kifuniko, na nyumba yenu naiezeka upya upande huu unaovuja."

Mwanangu akanitazama. Paa la upande ule kweli linavuja.

"Na kasha?" nikauliza.

"Litabaki kwako. Unaweza kutia maji ya mifugo."

Niliwaza kuku wangu wananywa maji ndani ya kasha la bibi yangu. Nikamwambia mwanangu, "Nipe siku."

"Mama, harusi Jumamosi."

"Nipe mpaka Alhamisi adhuhuri. Nisipolifungua, mlete huyo mtu na grenda yake, nami sitasema neno."

Akafikiri, akampa mnunuzi mkono. Alhamisi adhuhuri. Mnunuzi akaaga kwa adabu, na nilimwona akilipapasa ubavu kwa kidole kimoja anapopita, kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyekwisha kumnunua.

Nilikaa pale kwenye kigoda hadi alasiri. Nilikuwa nikijiuliza: kitu cha chuma kilichofanya kazi tangu babu wa babu wa yule mama, kinakufaje mikononi mwangu? Sikuwahi kukiacha kikauka. Kila Idi, ndogo na kubwa, tangu nikiwa msichana, nilizipaka zile ndimi mafuta ya nazi kwa unyoya, nikalifukiza kasha udi. Wenzangu walinisifia. Hakuna aliyelitunza kama mimi.

Jicho langu likaangukia cherehani yangu pale pembeni, nikakumbuka. Miaka mingi nyuma nayo iligoma hivi hivi, gurudumu likawa zito kama limeshikwa na mtu. Fundi wa cherehani pale Kerege aliifungua, akanusa, akaniuliza, "Nani alikuwa anaipikia nazi humu?" Nilidhani ananitania, maana yeye ni Mnyamwezi na sisi Wazaramo ni watani wao. Nikamtukana, naye akanitukana, tukacheka, na maneno yake hayakuniingia.

Safari hii yakaniingia.

Kesho yake nilikuwa Kerege kabla duka halijafunguliwa. Alikuja akanikuta nimekaa barazani pake.

"Shikamoo bibi. Umekuja kulipa mahari yangu?"

"Marahaba. Nani akupe mke, na miguu hiyo? Nina kufuli limegoma."

"Mimi ni fundi wa cherehani."

"Lilikuwa linapakwa mafuta ya nazi."

Akaacha kucheka. "Muda gani?"

"Tangu nivunje ungo."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akihesabu. "Yaa Rabi," akasema. "Bibi, hukuwa unalipaka mafuta. Ulikuwa unalikaanga."

Alinieleza palepale, akinionyesha kwa kidole ndani ya cherehani ya mtu. Mafuta ya nazi hukaa, hukusanya vumbi, huganda, na ukiongeza mengine juu yake huganda tena. Moshi wa udi nao hukaa juu ya utandu ule. Mwishowe yanakuwa kama gundi, kama ukoko wa sufuria. Akasema hutolewa kwa mafuta ya taa na subira, na asiye na subira huvunja ufunguo.

"Nitakuja kukufungulia," akasema.

"Utakuja, lakini hutafungua wewe."

"Nani basi?"

"Mimi. Wewe utakaa umeelekea ukutani, uniambie la kufanya."

Nilipomweleza sababu, alicheka mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Lakini alikuja. Jumanne asubuhi pikipiki yake ilikuwa uani kwetu, na yeye yuko chumbani kwangu kwenye kiti, uso umeelekea ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.

Mjukuu wangu alikuwa amewekwa ndani chumba cha pili, amepakwa liwa, haruhusiwi kutoka. Ukuta wetu ni mwembamba.

"Bibi! Huyo mwanamume humo ndani anafanya nini?"

"Anatazama ukuta."

"Anatazama ukuta?"

"Nyamaza, mke mwenzangu. Umeambiwa mwali hasemi."

Fundi akasema na ukuta, "Na mimi nina watoto watano nyumbani wanadhani baba yuko kazini."

Tulianza na mchanga. Niliukaanga kwenye kikaango kikubwa, nikautia kwenye mfuko wa gunia, nikaulaza juu ya kifuniko ili chuma kipate joto na ule ukoko ulainike. "Moto usiusogeze humu," alisema. "Mchanga utoke, kipoe kidogo, ndiyo mafuta ya taa. Ukivichanganya tutazikwa pamoja, na mke wangu hatakubali." Kisha nikadondosha mafuta ya taa kwenye tundu la kweli, matone matatu, nikaambiwa ningoje. Pembezoni mwa kifuniko nikapitisha unyoya wa kuku uliochovywa, nikiusukuma kwenye ufa kadiri ulivyoingia.

"Ningoje kiasi gani?"

"Kiasi cha kusali rakaa nne, polepole."

Nikangoja kwa njia yangu. Nilitaja kimoyomoyo wale wanawali kumi na mmoja, mmoja mmoja, jina lake, la baba yake, la mtu aliyemwoa, kijiji alichopelekwa, watoto wake kwa mfuatano. Nilipofika kwa wa mwisho, ambaye ni binti yangu, muda ulikuwa umetimia. Kisha nikadondosha tena.

Jumanne yote ufunguo haukutingishika. Fundi alipoondoka mgongo ulikuwa umemkakamaa, na mimi vidole vilikuwa vinanuka mafuta ya taa hata baada ya kuvisugua kwa ndimu. Mwanangu alichungulia mlangoni, akaona kasha limelowa, akasema tu, "Mama, vitu vya mtoto vitanuka." Nikamwambia afadhali vinuke.

Jumatano, kwenye saa nne, nilishika ufunguo nikahisi kitu. Ulikuwa umekwenda upana wa punje ya mchele. Nilitaka kupiga kelele. Nikachukua mwiko nikaupenyeza kwenye pete ya ufunguo nipate nguvu, na fundi akasikia mti unagusa chuma.

"Umetia nini hapo?"

"Hakuna kitu."

"Bibi, toa mwiko."

"Umejuaje ni mwiko?"

"Nimeishi na wanawake. Toa. Utaukata ufunguo, na hapo hata malaika hafungui. Nenda mbele kidogo, rudi nyuma kidogo. Ukienda kwa nguvu unakusanya ukoko mahali pamoja. Ukienda na kurudi, unausaga."

Nikatoa mwiko. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Mikono yangu ina yabisi, na kila baada ya muda niliifunga kitambaa cha moto nikaanza upya. Fundi aliniambia kwa mara ya kwanza kwa upole, bila utani, "Nigeuke nikusaidie, bibi? Nitafumba macho." Nilitamani kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana. Endelea kutazama ukuta." Jioni punje ya mchele ilikuwa imekuwa upana wa kidole.

Alhamisi nilisali alfajiri nikaanza. Fundi alifika jua limeshapanda, akakaa kwenye kiti chake bila kuambiwa. Saa tatu ufunguo uliruka mkononi mwangu na kasha likatoa sauti, tatata, kama mtu anayemwaga karanga.

Mjukuu wangu akapiga ukuta. "Bibi! Imefunguka?"

"Bado," akajibu fundi. "Zimeachia sita. Bado mbili. Ziko nyuma, upande wa kushoto."

"Umezihesabu?"

"Nina siku ya tatu sina kazi nyingine ila kusikiliza."

Nikaenda nyuma kwa kutambaa, maana kasha liko karibu na ukuta. Unyoya, mafuta, majina. Unyoya, mafuta, majina. Nikisikia muadhini tu, nilijua, mwanangu atapiga hodi. Ya saba iliachia saa tano. Ya nane ilikuwa ngumu kama ukaidi wa mtu mzima. Nilirudi kwenye ufunguo, nikaupeleka nyuma mpaka mwisho, nikapumua, nikauleta mbele. Ikaachia. Haikupiga kelele, ilinong'ona tu.

Niliinua kifuniko kwa mabega. Nguva wangu walikuwa weusi kama kitako cha kikaango. Majani yote, matundu yote ya ile lesi, yamejaa ukoko wa hudhurungi, umepasukapasuka. Nilisimama nikauona upendo wangu wa miaka yote. Nikachovya pembe ya kanga kwenye mafuta ya taa, nikamfuta nguva mmoja shavu. Chuma kikatokea, cheupe, kina mikwaruzo midogo midogo ya patasi ambayo sikuwahi kuiona hata nilipokuwa na macho mazuri.

"Sasa geuka," nikamwambia fundi. "Tundu huwezi kuliona kifuniko kikiwa wazi."

Aligeuka, akajinyoosha, akaja. Hakusema utani wowote. Aliinama, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa jani moja, na la pili, na la tatu. "Haya hayalingani," akasema. "Kila jani amelikata peke yake kwa mkono. Bibi, huyu fundi alifanya hivi mahali ambapo mwenye kasha tu ndiye angeona."

Hapo ndipo tukasikia gari.

Mnunuzi aliingia na mwanangu, nyuma yao kijana na grenda na waya wake. Mwanangu alisimama mlangoni akaona kifuniko kiko juu, akasema, "Alhamdulillahi," na uso wake ulilegea nikajua naye hakuwa amelala vizuri. Mnunuzi alitabasamu.

"Hongera, mama mkubwa. Umetumia tundu lingine, lile lililofichwa? Makasha haya yote yako hivyo. Nimeona kama manane."

Fundi wa cherehani aliniangalia. Aliuangalia ukuta wake. "Siku tatu!" akasema. "Siku tatu nimetazama ukuta!" Na mwali kule chumba cha pili akaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilihisi kama nimevuliwa kitambaa kichwani mbele ya watu. Siri ya bibi yangu, na huyu anaijua kama njia ya sokoni.

Mnunuzi aliona amenigusa, akalainisha sauti. Akasema sasa mambo ni mepesi zaidi, hakuna haja ya kukata kitu. Bamba limeshikwa na misumari ya kuzungusha. Atalifungua taratibu, atachukua bamba peke yake, na kasha litabaki zima na litafungika kwa kufuli la kawaida. Paa ataezeka vilevile.

"Mama," mwanangu akasema, "si afadhali hivyo? Kasha unabaki nalo."

Ni kweli lilikuwa neno la kufikiria, na nililifikiria. Nikamuuliza mnunuzi, "Ulisema umeona manane. Umewahi kuyaona yakifanya kazi?"

"Mengi yamekufa. Watu wanataka lile bamba."

"Njoo usimame hapa."

Kifuniko kikiwa bado wazi, nikapeleka mkono nyuma yake, nikazungusha ufunguo. Ndimi nane zikatoka kwa pamoja pande zote nne, nyuma ya majani, na kule katikati, kwenye matundu ya lesi, vyuma vikapita chini ya nguva kama maji yanavyopita chini yao. Nikarudisha. Zikaingia. Nikazitoa tena. Ile ya nane ilichelewa kidogo, lakini ilikuja.

Kijana wa grenda alisema, "Duh."

"Ukutani itakuwa picha," nikamwambia. "Wana picha za kutosha kule hotelini. Hili ni kufuli. Na hilo tundu unalolijua wewe, mwali wangu halijui. Atalijua Jumamosi."

Nikateremsha kifuniko.

"Mama, usifunge!" Mwanangu alipaza sauti kweli. "Mama, toa vitu kwanza! Likigoma tena je?"

Fundi naye alishtuka. "Bibi, liache wazi mpaka nilisafishe lote. Mimi sikuahidi litafunguka mara ya pili."

Niliwasikia wote wawili, na walikuwa sawa. Mkono wangu ulikuwa juu ya ufunguo. Lakini kama mwali angekuta kasha wazi, vitu vimetandikwa kitandani kama vya dukani, basi nisingekuwa nimeokoa kitu ila chuma. Nikawaambia watoke wote nje. Walipotoka nilizungusha. Zilifunga zote nane, nikauchomoa ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Nje nilimsikia mwanangu akimwomba mnunuzi radhi, na mnunuzi akisema hamna neno, akaacha namba yake hata hivyo.

Jumamosi chumba kilijaa wanawake mpaka madirishani. Nilikuwa sijala tangu jana. Mwali aliletwa amefunikwa, nikamwingiza chini ya kanga yangu, nikauchukua mkono wake nikauweka pale. Nilisikia pumzi yake ikikatika aliponong'ona, "Hapa? Kumbe hapa?" Nikampa ufunguo.

Akazungusha. Haukwenda.

"Mwali hakunywa uji!" shangazi yake mmoja akapiga kelele.

"Mwambieni si kijiko hicho!"

"Mrudisheni ndani akue kwanza!"

Chini ya kanga nilimwambia sikioni, "Usitumie nguvu. Nenda mbele kidogo, rudi nyuma kidogo." Alitulia. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Zikarudi zote nane kwa mlio mmoja, na vigelegele vilivyotoka hapo viliwafanya wanaume uani wajibu kwa takbiri.

Kabla sijatoa kitu chochote ndani nilisimama, nikawaambia wanawake wale wote, wakubwa na wadogo, kwamba mimi ndiye niliyeliua kasha hili kwa mafuta ya nazi, nikaficha miaka miwili, na kwamba kuanzia leo anayelipaka nazi nitamkata kidole, na udi ufukizwe kifuniko kikiwa kimefungwa.

Kisha wifi yangu mkubwa, ambaye amenizidi miaka mitano na hajawahi kunisamehe kitu, akasema, "Na sisi tulivyokuwa tukikusifu! Nirudishieni sifa zangu zote, nazitaka leo leo."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaacha wacheke. Nikatoa vikuku, nikatoa kanga mbili, nikatoa ule ukaya alioufuma mama wa bibi yangu, nikaukunjua juu ya kichwa cha mwali.

Akavuta pumzi, akakunja pua. "Bibi, unanuka mafuta ya taa."

"Vaa," nikamwambia.